Matanga Yaliyokosa Watani

Juzi nilikuwa jikoni napaa samaki, kipande cha ndimu kikaniponyoka kikaangukia kwenye majivu ya moto. Harufu ikapanda. Ni harufu chachu, kali kidogo, yenye joto ndani yake, na nadhani wengi wenu mngeipita bila kugeuka. Mie kisu kilinisimama mkononi. Mjukuu wangu akaniuliza bibi kuna nini, nikamwambia moshi umeniingia machoni. Uongo mtupu. Nilikuwa namwona baba yangu amechuchumaa uani, koti lake la kaki kalilaza mapajani, anasugua vifungo vya shaba kwa ndimu na majivu mpaka ving'ae, huku akivumisha wimbo usio na maneno.

Baba alikuwa askari polisi wa boma la Chole, zamani za Mdachi. Wenzangu wa rika langu mnajua neno askari lilikuwa na uzito gani siku hizo. Kama baba zenu walikuwa wakijificha mikokoni askari wakija, basi acheni kusoma hapa hapa, sitawalaumu. Mie sikukaa kitako kumsafisha mtu. Nataka kusimulia jinsi tulivyomlilia, au niseme jinsi tulivyoshindwa kumlilia, maana hilo ndilo lililonikaa rohoni miaka yote hii.

Sisi tulikaa Juani, na boma lilikuwa Chole, ng'ambo ya mkondo. Maji yakitoka sana watu walivuka kwa miguu, nguo zimekunjwa kiunoni. Baba alivuka kuja nyumbani kila Alhamisi jioni, akaswali Ijumaa na watu wake, kisha akarudi kazini. Kabla ya uaskari alikuwa mkwezi, anakwea minazi ya watu, na nadhani ile sare ilimlevya kidogo. Alikuwa anatembea kwa kukanyaga, mkono mmoja nyuma, kidevu juu, kana kwamba njia nzima ya Juani imepigwa mstari kwa ajili yake. Hakupiga hodi kama waja wengine. Alisimama uani, akakohoa, akatangaza kwamba serikali imefika na chungu kiko wapi. Kabla hajatuamkia alishafunua kifuniko, kaonja, kasema nyumba hii haijui chumvi. Mama alimpiga mkono kwa mwiko. Ndivyo Alhamisi ilivyokuwa kwetu, na mie sikuwahi kudhani kwamba kuna nyumba ambazo serikali ilifika kwa namna nyingine.

Sasa lazima niseme habari ya watani, maana bila hiyo hamtanielewa. Ukoo wetu na ukoo wa Bi Pili ni watani tangu enzi ambazo hakuna aliyeweza kunieleza chanzo chake. Mmoja alisema babu zetu walipigana wakapatana, mwingine akasema waligombania papa. Vyovyote vile, mtani ndiye anayekamata kuku wako ukamtazama tu. Ndiye anayekutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Lakini ukifa, ndiye anayechimba kaburi, anayeteka maji, anayepika matangani. Na siku ya kuondoa matanga hujivika kama wewe, akatembea ulivyotembea na kusema ulivyosema, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Akishamaliza, mikeka inakunjwa na watu wanarudi makwao. Asipokuja yeye, matanga hayana wa kuyaondoa.

Bi Pili alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo. Akimwona baba kavaa sare alisimama wima barabarani, akampigia saluti kwa mguu, akamwuliza kama Mdachi alipompa nguo alimnunulia na akili. Baba naye akamwambia afiche meno yake, bwana mkubwa wa boma asije akayaona akayauza kwa bei ya pembe za ndovu. Watu walikuwa wanatoka majumbani kuja kuwasikiliza. Mie nilidhani wanachukiana, na nilikuwa naona haya kwa niaba ya baba, kwamba mwanamke mzima anamtukana hadharani naye anacheka tu.

Kisha ikaja habari ya Faki. Faki alikuwa mdogo wake Bi Pili, kijana mpole, mvuvi wa pweza. Wanaume wa Juani walikuwa wanapangiwa zamu kwenda kufyeka barabara ya serikali kisiwa kikubwa, na zamu ya Faki ilipofika mkewe alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Hakwenda. Askari wakamchukua hadi boma la Chole, bwana mkubwa akakata shauri kwa neno lile ambalo kila mtu wa pwani alilijua: hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Na askari aliyepewa kiboko kumchapa Faki alikuwa baba yangu.

Alhamisi ile baba alifika bila kukanyaga na bila kukohoa, na hakufunua chungu. Nilimsikia mama akimwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, naye akajibu kwamba amri ni amri, angekataa angelala yeye pale chini, na nafasi yake ingeshikwa na mtu mwingine. Mwiko ulibaki chunguni.

Asubuhi Bi Pili akapita na kikapu cha pweza kichwani, anawapeleka kwa watu. Baba akatoka mbio, kama alivyozoea, akachomoa pweza mmoja akamwinua juu. Jirani zetu wakasimama, maana mtani kaibiwa na sasa matusi yatamwagika. Bi Pili akatua kikapu. Akainamisha macho. Akasema kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Chukua, bwana askari. Ukitaka, chukua wote."

Akajitwika kikapu chake, akaenda zake. Baba akabaki kamshika yule pweza, hajui amrudishe au amweke. Mie nilifurahi. Nilimwambia mama kwamba Bi Pili siku hizi ana adabu. Mama akaniambia ninyamaze, na alinifinya sikio, kitu ambacho hakikuwa tabia yake, nami nikalia kwa kuonewa.

Tangu siku hiyo Bi Pili alimheshimu baba. Alimpisha njia. Alimwamkia kwa taratibu zote, na kila alipomwamkia baba alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Leo nalielewa jambo hilo vizuri mno. Mtani wako akikupa heshima, basi amekutoa katika watu wake, na hakuna pa kwenda kushitaki, maana utasema nini? Kwamba umeamkiwa?

Haukupita muda mrefu tukasikia bara kuna fujo, watu wamemwinukia Mdachi. Watu wakubwa walikuwa wanazungumza habari hizo wakiangalia nani anapita. Bwana mkubwa akachagua askari wa kupelekwa huko kuongeza nguvu katika boma moja dogo ng'ambo ya Rufiji. Walikuwamo vijana wa Chole, mmoja wa Kanga, na wa Juani walikuwa baba na mwenzake mmoja. Baba alikuja kutuaga mchana. Alinibeba begani, jambo lililonishangaza kwa kuwa nilishakuwa mkubwa, akanipeleka hadi kwenye ua wa Bi Pili. Akasimama nje ya makuti akaanza kumtukana. Alimtukana miguu, akamtukana mapishi, akamtukana mpaka marehemu babu yake. Ndani kimya. Akasema tena, safari hii kwa kubembeleza karibu, kwamba anakwenda bara na huko hakuna mtu anayejua kutukana vizuri. Kisha tukasikia sauti ya Bi Pili, laini ile ile:

"Safari njema, bwana askari."

Baba akanirudisha nyumbani, akavuka kwenda Chole, na stima ikawachukua.

Habari ililetwa na mashua ya wachukuzi wa boriti kutoka Rufiji. Walisema boma lile limevamiwa alfajiri, limechomwa, na askari wote waliokuwamo wameuawa, hakubaki hata wa kueleza. Mwanzo watu walisema ni maneno ya mashuani. Kisha bendera ya boma la Chole ikateremshwa nusu, tarumbeta ikalia, na akida akavuka hadi Juani na salamu za bwana mkubwa. Hakuna maiti iliyoletwa, hata kofia haikuletwa.

Ningependa kuwaambia kwamba kisiwa kizima kiliangua kilio. Haikuwa hivyo. Watu walihuzunika, wale walikuwa watoto wao, wamewaona wakitahiriwa na kuoa. Lakini ukilia kwa sauti kubwa, jirani anakutazama kwamba unamlilia Mdachi. Usipolia, akida anakutazama kwamba umewafurahia wauaji. Na wapo waliosema chini kwa chini kwamba waliovamia lile boma walikuwa watu waliochoka, na kuchoka hata sisi tunakujua. Nimesikia hayo kwa masikio yangu, nyuma ya ukuta wa msikiti, na aliyeyasema alikuwa analia huku anayasema. Basi watu wakalia kwa kipimo. Walikuja, wakakaa mkekani, wakajifuta macho, wakaondoka mapema. Mwalimu wa msikiti aliwaswalia sala ya asiyekuwepo, na katika safu za nyuma wengine walikuwa wanatazamana kuona nani kaja na nani hakuja.

Nyumbani kwetu matanga yaliwekwa na bibi, mama yake baba. Bibi hakuwa mtu wa kubishana na kifo, alishazika watoto kadhaa kabla ya huyu. Alitandika mikeka, akatoa kaniki mpya sandukuni mwake, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kizingiti cha chumba cha mama. Hiyo ndiyo nguo ya eda. Mjane huogeshwa, akavishwa, akakaa ndani miezi ile yote bila wanja, bila manukato, bila kuonana na wanaume.

Mama hakuigusa. Aliiruka. Asubuhi alijitia wanja, akavaa leso yake nyekundu, akatoka kutwanga. Wanawake waliokuja kumpa pole walimkuta anatwanga. Bibi alimfuata kinuni akamwambia maneno ambayo sote tuliyasikia: kwamba anamtia aibu marehemu, anamtia aibu yeye mzazi, na anajitia dhambi. Mama aliendelea kutwanga. Aliposema, alisema taratibu.

"Mama, nionyeshe kaburi. Nionyeshe hata kifungo kimoja. Mie siwezi kumkalia eda mtu niliyeagana naye anacheka."

Nami nilikuwa upande wake kuliko mtu yeyote duniani, na sababu yangu nilikuwa nayo mwenyewe. Mwaka uliotangulia nilikuwa nacheza kwa jirani yetu Mama Saada. Asubuhi alikuwa anacheka na sisi. Mchana wanawake walikuja wakamkalisha chini, wakamwogesha, wakamvisha kaniki, naye akawa anapiga kelele. Na jioni, baada ya yote hayo, mumewe akaletwa kwa ngalawa amekufa. Alikuwa ameanguka mnazini huko Kanga na habari ilimtangulia, lakini hilo hakuna aliyenieleza. Mie niliona kwa macho yangu nini kilianza na nini kilifuata. Kaniki kwanza, maiti baadaye. Basi nilijua kwa hakika ya kitoto, hakika ambayo sijapata kuwa nayo tena katika jambo lolote, kwamba mume hafi mpaka mkewe avishwe ile nguo. Maadamu mama anaruka kaniki pale kizingitini, baba yuko hai huko bara, kajificha mahali, anatafuta njia.

Nikajifanya mlinzi. Nilikaa karibu na ule mlango kutwa nzima. Mwanamke akija na uso wa kulia nilimwambia hapa kwetu hatulii. Wengine walinikumbatia, wengine waliniita mtoto wa hovyo. Kila jioni mama alipakua chakula cha baba, akakifunika, akakiweka juu ya kinu. Yeye mwenyewe hakuwa anakula. Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu, mifupa ya shingo imetokeza, lakini nilidhani hiyo ndiyo kazi ya kumweka mtu hai, na kwamba kazi kubwa lazima ikondeshe.

Siku ya kuondoa matanga ikafika. Watani hawakuja. Hata siku za kwanza hawakuja. Maji waliteka shangazi zangu wenyewe, na walipika wenyewe, aibu ambayo bibi aliibeba kama mzigo wa kuni. Lakini siku ya kuondoa, nani atakunja mikeka? Tukangoja mpaka magharibi. Kesho yake mikeka ikawa bado iko chini, na kesho kutwa. Wageni waliotoka mbali waliona haya kuondoka na waliona haya kukaa. Mwalimu akataka kutuma mtu kwa Bi Pili, bibi akakataa, akasema mtani haitwi matangani kama mchukuzi, na tena atawaita kwa uso gani baada ya yale ya Faki?

Mama alipoona hivyo, nusura afurahi. Alisimama katikati ya ua akawaambia wote waliokuwepo:

"Mmeona? Hata watani wanajua hajafa."

Bibi alifunika uso. Mie moyo wangu ulijaa, maana mama alikuwa amesema kwa sauti kile nilichokuwa nakilinda, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeweza kukipinga.

Ilikuwa adhuhuri ya siku nyingine, jua la utosi, watu wamejinyoosha mikekani wamechoka na kufiwa. Nilikuwa nimetoka nyuma ya nyumba kumwaga maji ya kuoshea mchele. Nikasikia kishindo cha miguu inayokanyaga. Nikatazama kati ya makuti ya ua. Nikaona mgongo wa mtu mrefu, kofia nyekundu ya askari kichwani, mkono mmoja nyuma, kidevu juu, bunduki begani, anaingia uani kwetu. Nikamsikia akikohoa.

Nilitupa chungu. Nilipita jikoni nikipiga kelele, "Mama, baba kaja! Mama, baba kaja!" Mama alitoka chumbani. Wenzangu, nimeona nyuso nyingi za furaha katika maisha haya, nimeona za maarusi na za waliojifungua salama, lakini uso wa mama yangu wakati ule sijauona kwa mtu mwingine, na sitaki kuuona tena. Aliiruka kaniki kwa mguu mmoja. Alikuwa anakimbia huku anafunga leso yake vizuri, kama mke anayetaka mumewe amkute nadhifu.

Yule mtu akageuka. Alikuwa Bi Pili.

Kofia ilikuwa kikapu kilichovishwa kitambaa chekundu. Bunduki ilikuwa shina la kuti. Alimwona mama, aliniona na mie, na nina hakika alielewa pale pale alilotutenda, kwa sababu kidevu chake kilitikisika. Lakini mtani akishaanza haachi. Alituacha tumesimama, akakanyaga hadi jikoni, akafunua chungu, akachovya kidole, akatangaza kwa sauti nzito ya baba kwamba serikali imefika na nyumba hii haijui chumvi. Mtu mmoja mkekani akaguna kicheko, akakimeza. Kisha mwingine. Ilikuwa ni baba mtupu. Hata kule kukuna sikio kwake baba alikuwa amekuchukua.

Mama hakucheka. Alikuwa kasimama na mkono kifuani anamtazama.

Bi Pili akarudi katikati ya ua, akapiga saluti kwa mguu, akauliza yuko wapi yule mvivu wa barabara, yuko wapi Faki, aletwe hapa. Kicheko kikakatika. Faki alikuwa amekuja nyuma ya dada yake na sisi hatukumwona, alisimama penye mwanya wa ua na kofia yake mkononi. Akaingia. Akapita kati ya watu wote wale, akafika mbele ya dada yake, akalala kifudifudi chini kwenye mchanga, kama alivyolazwa bomani. Bi Pili akainua lile shina la kuti juu, na likakaa juu.

"Piga," Faki akasema, shavu lake mchangani. "Piga kweli. Yeye alinipiga kweli."

Bi Pili akapiga. Alipiga mchanga, kando ya mbavu za Faki. Akapiga tena pale pale, na tena, vumbi likawa linaruka, na mara nikaona kwamba hafanyi tena kama baba, anapiga kama yeye mwenyewe, kwa hasira zake. Kisha akatupa lile shina, akavua kikapu kichwani, akakaa chini karibu na mdogo wake, na sauti yake ya kuitia ng'ambo ikatoka yote.

"Mtani wangu! Ulikuja kutafuta matusi mlangoni kwangu, nikakunyima!"

Hapo ndipo kilio kilipopatikana. Walioogopa akida na walioogopa majirani wakalia pamoja. Bibi alilia, shangazi zangu walilia, Faki alikaa kitako na mchanga usoni akalia na yeye, na mpaka leo sijui alikuwa anamlilia baba au anajililia mwenyewe. Nadhani yote mawili, na sioni kwa nini yatenganishwe.

Mama alikuwa bado amesimama. Akasema, si kwa mtu yeyote, "Basi kafa kweli." Akakaa palepale alipo. Leso ilimfunguka kichwani asiirudishe. Akanitafuta kwa macho, akaniona nimejibanza ukutani.

"Niletee ile nguo, mwanangu."

Sikwenda. Nilimwambia sitaki. Alirudia, nami nikalia, nikamwambia nikikupa utavaa, na ukivaa baba atakufa, na mie nitakuwa ndiye niliyekuletea. Niliyasema hayo mbele za watu wote. Nadhani ndipo alipojua nilikuwa nafanya nini pale mlangoni siku zote zile. Hakuniita mjinga.

"Keshakufa," akasema. "Alikufa kabla hatujaambiwa. Sisi tulikuwa tunapika tu. Lete, mama, nguvu sina."

Nikaenda. Kaniki ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ilinuka sanduku la bibi. Niliibeba kwa mikono miwili nikampa. Wanawake wakamwinua wakaingia naye ndani kumwogesha, nami nikabaki nje ya mlango, nikangoja baba afe. Niliangalia njia ya pwani, watakapomleta. Niliangalia mbinguni pia, sijui kwa nini. Nyuma yangu watu wa Bi Pili walikuwa wameshaanza kukunja mikeka na kuwafukuza wageni kwa matusi, waende makwao wakale vya kwao. Kuku waliparua. Mwanamke mmoja aliuliza kama kuna kuni zaidi. Hakuna kilichotokea, hakuna kabisa, na ndivyo nilivyojua kwamba mama kasema kweli: siku zote nilizokaa pale nikilinda, hapakuwa na mtu wa kulindwa.

Nikasukuma mlango nikaingia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mdogo ndani ya kaniki, nywele zimelowa, macho hayana wanja. Alinifungulia mkono nikaenda. Tulikuwa tumechelewa kumlilia kuliko Juani nzima, mie na yeye, basi tukamlilia kwa pamoja na kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Na Bi Pili alikaa kizingitini na mgongo wake mrefu ametugeuzia, kila aliyetaka kuingia kutunyamazisha akamwambia apite zake, atuache.